Ombi la Kusimamisha Harusi na Misiba hadi Fainali Ichezwe

Kamachumu, Muleba.

Mzee Ndyamukama,
Mwenyekiti wa Ukoo,
Rubya.

Baba Mkubwa, shikamoo waitu.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na kahawa imezaa. Mimi mwanao Apolinary sijambo, ila kompyuta yangu ni mahututi, na ugonjwa wenyewe, unisamehe kwa kusema, ni ukoo.

Utakumbuka kikao cha baada ya matanga ya Bibi. Ilionekana kwamba simu zinaibiwa na flashi zinapotea, hivyo video zote za ukoo zikakabidhiwa kompyuta yangu, kwa kuwa mimi ni kitinda mimba na sikuulizwa. Baadaye nilipoomba kufuta chache, ulisimama ukasema, "Humo wamelala marehemu wetu. Hicho ni kibanja cha ukoo, sawa na shamba la migomba tunamozikana. Hakiuzwi wala hakifyekwi bila kikao." Watu wakapiga makofi. Tangu hapo diski yangu inaendeshwa kwa sheria za mgomba, na mimi nimekuwa mlinzi wa makaburi asiye na posho.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nacheza gemu la mpira. Si utoto, Baba Mkubwa. Mpinzani wangu ni Muksini, fundi kompyuta wa Bukoba mjini, mtu mzima mwenye mke na duka. Kila ninapoongoza na mechi inakaribia kuisha, gemu linaganda, kisha linajifunga lenyewe. Muksini anahesabu kwamba nimekimbia uwanja. Fainali ni Jumapili hii baada ya misa.

2. Muksini huyo huyo, ingawa ni adui, ameikagua mashine kwa uaminifu. Anasema kumbukumbu ya kompyuta ikielemewa, huazima nafasi kwenye diski ili itue mzigo kidogo, kama mtu anayeshusha ndoo ya maji kichwani apumue. Nikajaribu kuiongezea nafasi hiyo ya kuazima. Ikanijibu kwamba diski imejaa. Kila penye upenyo amekaa ndugu yetu.

3. Harusi ya Jovita ilirekodiwa na kamera tatu, na zote tatu ninazo, maana upande wa bwana harusi ulidai kamera ya kwanza imewapendelea wa kwetu. Hotuba ya Shangazi Gaudiosa peke yake ni nzito kuliko gemu zima pamoja na mashabiki. Anawashukuru waliokuja, kisha anawataja mmoja mmoja wasiokuja.

4. Misiba nayo. Sina ugomvi na marehemu. Lakini kwa Babu Mwijage, uwekaji wa mashada umechukua nafasi kubwa kuliko maisha yake yote, ambayo hayana hata picha moja. Angejua anapendwa hivyo, pengine angeomba aletewe dawa mapema.

5. Mwezi ujao watoto wa Dativa wanapata kipaimara, na nasikia wamekodi kamera inayoruka. Baba Mkubwa, kamera inayoruka itanimaliza.

Kwa hiyo naomba ruhusa ya kufyeka. Ikishindikana, naomba harusi zote zisimame na wachumba wavumilie, kwani mapenzi ya kweli hayaozi. Wazee wetu walio wagonjwa waombwe kwa heshima wasitangulie kabla ya Jumapili. Na wewe mwenyewe, kwa kuwa msiba wa mwenyekiti utavuta kamera nyingi, naomba uongeze uangalifu barabarani na upunguze pombe ya lubisi.

Utauliza mtu mzima anasumbuliwa na nini. Ni kwamba sijawahi kuongoza kitu, Baba Mkubwa. Shambani napangiwa, kikaoni natumwa viti. Kwenye gemu lile tu ndiko ninakotangulia, na kuzimiwa nikiwa mbele kunaniuma sana.

Nisalimie Mama Mkubwa Alistidia, na majirani wote, hata wale wenye mpango wa kuoa.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Apolinary Rutaihwa,
Mlinzi wa Kibanja cha Ukoo (Diski C).

Tanbihi: Tafadhali usiisome barua hii kikaoni, nimeliondoa ombi. Nilikuwa sijaituma bado Muksini alipopanda kuja kunisaidia kuchagua vya kufuta. Tukaanza na harusi ya Jovita, kamera ya tatu, ile iliyozurura jikoni. Akatokea mzee mwenye kofia ya kitambaa aliyeitwa kuchinja ng'ombe ili wageni wote, Wakristo na Waislamu, wale chungu kimoja. Amemaliza kazi, anawatania wapishi, kisha anaita aletewe maji ya kunawa. Muksini akasema, "Huyo ni baba." Mzee alifariki mwaka juzi, na kwao hawana video yake hata moja. Akaomba nimkatie kipande hicho. Lakini kukata nako kunataka nafasi, na kompyuta ikakataa. Nikafuta gemu. Leo amenipigia simu. Anasema alikifungua nyumbani mama yake akiwa uani, na mama aliposikia ile sauti inaita maji, aliitika "Abee" na kuja mbio na kopo mkononi.