Uchungu wa Ng'ombe wa Mahari

Levi alizijua dawa zote za mifugo kwa majina, kwa kuwa alikuwa ameziuza Kitale kwa miaka, zile za kweli na zile za maji. Aliyoipenda zaidi ni sindano ya uzazi: hubana mfuko wa uzazi ndama atoke, na ukimdunga ng'ombe wa maziwa huteremsha yote aliyoyaficha. Kwa mtu mwaminifu hiyo ni dawa. Kwa Levi ilikuwa mtaji.

Shida yake ilikuwa mahari. Kina Nekoye wa Kabuchai walikuwa wametamka: Jumamosi alete ng'ombe na ndama wake, la sivyo binti yao hatamngoja tena. Na Levi alimpenda Nekoye, jambo la pekee maishani mwake ambalo hakulitia maji. Lakini alichokuwa nacho ni ng'ombe mmoja ajuza, aliyemnunua Endebess, mbavu nje, maziwa ya kuwekea chai tu.

Ndipo akasikia kwamba Mzee Wepukhulu wa Kamukuywa, mlafi asiyeshiba hata matangani, ana ng'ombe mwenye mimba pevu. Levi aliacha kumkamua ajuza wake, akampakia kwenye pikapu Jumamosi asubuhi, akamdunga karibu na lango la mzee. Alipomkamua mbele ya mzee, ndoo ikajaa povu hadi mdomoni.

"Kijana, kweri hii ni kiwanda," Wepukhulu alisema, macho yamemtoka. "Tubadirishane. Yangu itazaa saa yoyote."

"Mzee, unaninyonga. Lakini kwa vile wewe ni kama baba yangu..."

"Si uchukue tu uende, kabla mama watoto arudi."

Levi naye alitaka kuondoka kabla hajaombwa ndoo ya pili, kwa hiyo hakulipapasa tumbo la ng'ombe wa mzee. Wajanja wawili wakikutana, huagana mapema sana.

Kabuchai, wakwe walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki. "Ndama iko wapi?" aliuliza Phelista, shangazi yake Nekoye.

"Shangazi, iko njiani. Hii ng'ombe imeamua kuzalia kwenu. Ni baraka."

Akampeleka ng'ombe nyuma ya migomba kidogo, akamdunga, akamrudisha. Watu wakasogea. Mzee mmoja akavua kofia, akaomba kwa ufupi.

Ng'ombe akainua mkia, akakojoa. Alikojoa hadi waliosimama wakarudi kuketi, na tumbo likashuka mbele ya wakwe wote.

"Hii imelambishwa chumvi ikanyweshwa maji," Phelista alisema. "Mkwe, umetuletea mimba ya pipa."

Kicheko kilifika barabarani. Levi alijawa na hasira ya haki kabisa. "Ati mtu mzima anaweza kudanganya mwenzake hivi, bana?"

Nekoye alitoka migombani ameshika sindano. Alikuwa amemfuata, maana alimjua.

"Levi, hii ni ya nini?"

"Ya kuiharakisha izae. Nilifanya hivyo kwa sababu yako."

"Na siku yangu ikifika, wageni wako wakiwa wameketi wanangoja, mimi pia utanidunga?"

Levi alinyoosha mkono kuichukua ile sindano.

Nekoye akafungua kamba ya ng'ombe, akamwekea hiyo mkononi.

"Enda nayo polepole," alisema. "Imechoka."