Cheti cha Asili cha Viboko wa Umeme

Ofisi ya Asili za Watu na Vitu, Tawi la Ziwa Kaskazini, inautangazia umma wote wa Uvira kwamba bendi ya roki iitwayo Viboko wa Umeme, ambayo nyimbo zake sasa zinapigwa mpaka Ulaya, haijulikani ilizaliwa wapi, na kwamba hali hiyo itakoma Ijumaa saa nane mchana.

Tangazo hilo niliandika mimi. Naitwa Junior, nina miaka hamsini na sita, nami ni Katibu wa Tume ya Kuthibitisha Chanzo cha Bendi. Watu wa mtaani hulicheka jina langu na cheo changu kwa pamoja, ili wasipoteze muda. Siwajali. Nchi haiwezi kwenda mbele ikiwa watu wake wanacheza muziki usio na mahali ulikotoka.

Ofisi yetu iko Kavimvira, hatua chache kutoka mpakani. Kazi yake ni nyepesi kueleza: kila kinachopita, kiwe gunia la muhogo, mbuzi au mwalimu, sharti kiwe na cheti cha asili. Kisicho na cheti huwekwa depo, yaani ghalani kwetu, kingoje mpaka asili yake ijulikane. Kuna watu wamengoja humo hadi wakapewa majina ya utani. Mbuzi hawakai sana, kwa sababu ambazo hazihusu ripoti hii.

Bendi ilipopata jina, matatizo yakaanza. Wazee wa Lubarika walileta barua kwamba ilizaliwa kwao, kwa kuwa Michée, mpiga besi, alinyonya huko. Watu wa Katogota wakajibu kwamba kunyonya si kuzaliwa, na kwamba mdundo wenyewe ulitoka kwenye mashamba yao ya mpunga, wakati wa kufukuza ndege. Kutoka milima ya juu wakateremka wajomba wa Gwiza, mpiga ngoma, na picha ya kwaya ya kanisa, Gwiza akiwa mstari wa nyuma amefumba macho. Kila upande ulileta kielelezo: kinu, kigoda, sufuria iliyotoboka. Ofisi ilijaa vyombo hadi nikawa naandikia uani.

Direkta wetu, Bwana Venant, hakuyumba. Yeye alikwisha kujua bendi ilizaliwa wapi: katika kiwanja chake mwenyewe, hapo Kavimvira kando ya ziwa, pale anapojenga hoteli. Alijua hivyo tangu Jumatatu asubuhi.

"Junior," aliniambia, "weye tafuta karatasi ya zamani. Iwe na majina ya bale bantu batatu ba bendi, iwe na tarehe, iandikwe Kavimvira. Na kashe yetu iwe pale chini, ya bleu."

"Na kama karatasi inasema kitu ingine, Direkta?"

"Karatasi haisemaka kitu. Inakuwaka tu na kashe," akasema, akiuinua muhuri wake.

Siku hiyohiyo alitoa amri yenye ibara saba. Ya Nne ndiyo iliyotisha: kitu chochote cha bendi kitakachokutwa kwa mtu kirudishwe kwa bendi papo hapo, na aliyekuwa nacho awekwe depo mpaka aeleze kilimfikiaje. Kesho yake wazee walikuja mapema kuchukua kinu chao, kigoda chao na sufuria yao, wakisema walikosea bendi. Direkta alifurahi. Upande mmoja tu ndio uliobaki na madai.

Ni Sidonie, mwimbaji na mpiga gitaa wao, mzaliwa wa hapahapa nyuma ya soko. Alikuja ofisini peke yake, bila miwani ya wanamuziki, akasimama mbele ya meza.

"Papa Direkta, minye sikatae kusaini. Andika kama tulizaliwa ndani ya maji, nitasaini. Niko naomba tu gitare ya Luc."

Luc alikuwa kaka yake. Gitaa hilo alilitengeneza kwa mikono yake: mwili wa bidoni ya mafuta ya lita tano, shingo ya ubao wa kitanda kilichovunjika, nyuzi za waya za freni ya pikipiki. Ofisi yetu ililichukua miaka minane iliyopita kwa kosa la kutokuwa na cheti. Miaka miwili baadaye mto Mulongwe ulifurika, ukamchukua Luc, nyumba na hata picha zake. Kwa hiyo gitaa ndicho kitu pekee duniani kilichobaki cha mikono ile. Niliposikia hayo nilihuzunika, ingawa katibu haruhusiwi.

"Hiyo gitare haiko," Direkta akasema. "Haimo mu rejista. Kitu haimo mu rejista, haikuzaliwa."

"Basi hatusaini."

Direkta akamtazama, akatazama dirishani upande wa hoteli, akalainika. Akaahidi kwamba gitaa litatafutwa kwa nguvu zote za Ofisi, mara tu baada ya sahihi. Sidonie hakuamini, niliona. Lakini alikubali kuja Ijumaa, maana mtu anayetaka kitu sana hujaribu hata mlango anaojua umefungwa.

Mimi nikaingia kwenye makabati. Siku ya pili, chini ya kiota cha panya, nikaipata Taarifa ya Ukamataji namba 41. Ilikuwa na majina matatu, tarehe, neno Kavimvira na muhuri wa bluu. Nilimpelekea Direkta, akautazama muhuri, akaandika "Imeonekana na kukubaliwa", akasaini. Yeye husaini haraka. Mwaka juzi alijinyima likizo mwenyewe kwa njia hiyo.

Mimi nilikuwa nimeisoma. Sikuulizwa.

Ijumaa saa nane tulikusanyika sebuleni kwa Direkta, kwa kuwa kibao cha kumbukumbu kilikuwa nje, kiwanjani, kimefunikwa kitambaa. Waandishi wa habari walikuwepo, na bendi nzima, na Mama Agathe, mlinzi wa depo, aliyeitwa na funguo zake ili kutunza utulivu. Direkta aliketi kwenye kiti kikubwa. Ukutani, juu ya kichwa chake, lilining'inia gitaa la bidoni likiwa na maua ya plastiki tunduni. Lilikuwa hapo miaka mingi, naye alikwisha kuacha kuliona.

Sidonie aliliona kabla hajavuka kizingiti. Alisimama. Gwiza akamshika kiwiko.

"Ile juu ni kitu gani?" Sidonie akauliza kwa sauti ndogo.

Direkta akageuka, akatazama, na kwa sekunde moja uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana na mdai wake sokoni. "Ni pambo," akasema. "Ilitoka kwa babu yangu. Alikuwa muntu wa desturi."

"Babu yako alitumikishaka freni ya piki?" Michée akauliza.

Watu wakacheka. Direkta akapiga meza. "Kimya! Katibu asome karatasi! Kila neno, na nukta!"

Amri ni amri. Nikavaa miwani, nikasoma.

"Leo saa sita mchana wamekamatwa watatu: Sidonie, anayetoka harusini Bujumbura, Michée, mwenye mchele, Gwiza, mwenye maziwa. Wote asili haijulikani, nukta. Hawakuwa wakifahamiana, nukta. Wamewekwa depo. Kuanzia saa saba hadi saa kumi wamepiga mabidoni ya Ofisi kwa pamoja na kwa mpangilio, wakidai wamechoka kungoja. Wameonywa. Walipoonywa wameongeza kiitikio, nukta. Kitu kilichokamatwa: gitaa moja la bidoni, ndani limeandikwa Luc kwa msumari. Limekabidhiwa kwa Direkta ili alihifadhi nyumbani kwake. Sahihi, Venant. Nukta."

"Ni kweli," akasema Mama Agathe. "Minye njo nilibafungia mulango. Ile muziki ilianzia palepale mu depo. Na minye nilicheza kidogo, munisamehe."

Mwandishi mmoja akauliza kama basi chanzo cha bendi ni depo ya Ofisi. Nikajibu kwamba kwa mujibu wa karatasi, ndiyo, na karatasi imekubaliwa na Direkta.

"Hiyo sahihi si yangu!"

"Ipi, Direkta?" nikauliza kwa heshima. "Ziko mbili."

Mama Agathe ni mtu wa sheria. Alipanda kwenye kigoda, akalishusha gitaa, akachomoa maua akampa Direkta, gitaa akampa Sidonie. "Artikle ya ine," akasema, akimaanisha ibara ya nne ya amri ya Direkta mwenyewe.

Sidonie akaingiza vidole tunduni, akatafuta, akazipata zile herufi tatu. Akalia palepale, mbele ya kamera, bila kujifunika uso.

Kisha Mama Agathe akamsindikiza Direkta hadi depo, akamwomba cheti chake cha asili. Hakuwa nacho. Kwa miaka yote alikuwa ametia sahihi vyeti vya wengine, na hakuna aliyethubutu kumwuliza chake. Nilipekua kanuni ili kumsaidia. Zinasema cheti husainiwa na Direkta peke yake, akiwa ameketi ofisini. Depo si ofisi.

Kibao tumekihamishia mlangoni pa depo, na watu wanapanga foleni kupiga picha. Jumamosi bendi ilipiga ufukweni, Sidonie akafungua na gitaa la bidoni, na sauti yake ilikuwa mbaya sana na nzuri sana. Tulikuwa bado tunasikiliza muziki, Mama Agathe aliponiletea taarifa mpya, namba 1,206, niihakiki. Niliisoma yote.

"Venant, asili haijulikani. Tangu saa saba anapiga bidoni ya Ofisi, peke yake, bila mpangilio. Ameonywa."

Nikagonga muhuri.