Suti Mbili, Kiti Kimoja na Gauni la Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Balaa limeanza mapema. Mwenye duka la dawa kaniita hata sijaondoa nailoni juu ya cherehani. Kibaraza chake anakitaka mwisho wa mwezi. Anataka kukizungushia kioo apange miswaki. Miaka kumi na mmoja nimeshonea hapo, suruali zake zote nimezitia viraka, leo nafukuzwa na mswaki.

Pa kwenda ni mahali pamoja tu: ile fremu tupu ya lango la soko. Ina mlango, ina umeme, ina dari isiyovuja. Lakini anayegawa fremu za soko ni diwani, na diwani wetu kastaafu. Uchaguzi mdogo wa kuziba nafasi yake ni Jumatano ya wiki ijayo. Atakayeshinda ndiye mwenye fremu yangu mfukoni, na mimi simjui ni nani.

Wagombea ni watatu. Wa kwanza Mkandarasi, mfupi, mnene, huongea na simu mbili kwa mpigo. Wa pili Mwalimu Mkuu mstaafu, mrefu kama ngazi, kila neno lako analinukuu. Wa tatu ni mama mkwe wangu. Yeye ni mkunga, kastaafu mwaka jana baada ya miaka thelathini na saba ya kuzalisha wanawake wa kata hii. Hana gari la matangazo, hana fulana, ana bango moja la kuandika kwa mkono. Ukimtoa mke wangu, sijui nani atampigia kura. Marehemu baba mkwe angempigia, lakini ndiyo hivyo tena.

Mchana redioni nimemsikia mtu anayeota matokeo ya uchaguzi. Anaota, anatangaza, kisha wakubwa wanamkaribisha viti vya mbele. Nikajiuliza ana kichwa gani huyo ambacho mimi sina. Kasoro ni moja: mimi siotagi. Mke wangu anasema nalala kama gunia la saruji. Haidhuru. Ndoto ni maneno tu, na maneno ninayo.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Nimemfuata Mkandarasi kwenye jengo lake. Nikamwambia nimemwota anaapishwa udiwani, ukumbi mzima umesimama. Akazima simu moja. Akaniuliza alikuwa amevaa nini.

Hapo akili ikaniwaka. Chini ya meza yangu kuna jora la kijivu, mabaki ya sare za shule iliyobadili rangi bila kuniambia. Mwaka wa pili huu panya wanalilalia. Nikasema alivaa suti ya kijivu, vifungo viwili, na mshono niliutambua kuwa wangu. Akatanua mikono hapo hapo kati ya matofali nimpime.

Jioni nikaenda kwa Mwalimu Mkuu. Ndoto ile ile, maana kitambaa ni kile kile. Huyu alitaka kujua mpaka saa ya ukutani ilisoma ngapi. Nikamwambia saa nne na robo. Akaandika kwenye daftari lake, akapiga mstari kwa rula.

Sasa ashinde huyu, ashinde yule, fremu ni yangu. Nimemweleza mke wangu, kasema njia mbili zilimshinda fisi. Nikamjibu fisi hakuwa na cherehani.

Nilipokuwa nafunga kazi, mama mkwe akaja. Nikampa shikamoo yake na kigoda akae. Kaleta gauni lake jipya la zambarau, limemzidi urefu kiganja kizima. Anaomba nimkunjie upindo tu, alivae siku ya uchaguzi. Kazi ya nusu saa. Nikapiga alama za chaki pindo zima, nikamwambia kesho, mama.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Jora halitoshi! Mkandarasi kamaliza kitambaa tumboni, Mwalimu Mkuu kamaliza miguuni. Nimepimapima mpaka tepu imechoka. Limebaki koti la Mwalimu Mkuu halina mgongo. Nimekata mgongo kwenye pazia la bluu la nyumbani. Akiuliza nitamwambia ndotoni alinipa uso tu, mgongo sikuuona. Mke wangu bado hajagundua dirisha liko wazi.

Mama mkwe kapita kuulizia gauni. Nikamwambia kesho. Akasema haya mwanangu, hata mtoto huja siku yake.

Mama Zipu alisikia. Huyu ni fundi wa ng'ambo ya barabara, anabadilisha zipu na kukunja pindo, basi, hana kingine anachokijua. Naye anaitaka fremu ya lango. Akajitolea kuukunja ule upindo yeye. Nikakataa katakata. Kazi ya mkwe wangu nimpe mpinzani? Watu watasemaje? Nimemwona baadaye wamekaa na mama mkwe wanacheka, kila mwanamke anayepita sokoni anasimama kuwasalimia. Masikini Mama Zipu, wenzake wanatafuta wakubwa, yeye anacheka na wazee.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Sijui niandike nini. 

Nilipanga Mkandarasi aje kujaribu suti saa tatu, Mwalimu Mkuu saa tano. Mkandarasi kaja saa tano kasoro dakika mbili. Mwalimu Mkuu, kama kawaida ya walimu, kaja kwa wakati. Nikamsukumia Mkandarasi nyuma ya pazia la kujaribia, koti likiwa na mkono mmoja, nikamwambia asitikisike ana pini kwapani.

Mwalimu Mkuu akavaa koti lake. Kisha akafungua daftari, akataka turudie ndoto yote kwa sauti ahakikishe hakukosea kunukuu. Kiapo. Ukumbi kusimama. Suti ya kijivu, vifungo viwili. Nikawa naitikia kwa kikohozi.

Pazia likafunguka. Mkandarasi akatoka na mkono wake mmoja wa kijivu, akauliza kwa upole wa kutisha kama siku hizi kiti cha udiwani wanakaa wawili. Wakatazamana. Kitambaa kimoja, vifungo vile vile. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi.

Nikasema nimewaota wote, mmoja anaapishwa, mwingine anampongeza, wamevaa sare kwa sababu ya umoja. Wakauliza kwa pamoja anayepongeza ni nani. Nikasema uso sikuuona vizuri. Mwalimu Mkuu alipogeuka kuondoka, Mkandarasi akaona mgongo wa bluu, akacheka mpaka pini ikamchoma. Hata hivyo wote wawili wameniambia kitu kimoja: akishinda, fremu hiyo nitaisikia kwa watu.

Mke wangu kaja kuniletea chakula, kaukuta mgongo wa Mwalimu Mkuu unavuka barabara. Kalitambua pazia lake.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Leo nimeota. Mimi! Nilikula nikashiba kupita kiasi, nikalala mchana kwenye mkeka.

Nikamwona mama mkwe ukumbini, ameshika kitabu, anakula kiapo. Kavaa gauni la zambarau, halijakunjwa, linaburuta sakafuni na alama zangu za chaki zinaonekana mpaka viti vya nyuma. Watu wanalikanyaga. Akanitazama mimi peke yangu. Nikaamka.

Ni shibe tu hiyo, na ule upindo unaonisuta. Mama mkwe diwani! Sijamwambia mtu nisije nikachekwa. Naandika hapa basi. Gauni nitalishughulikia kesho.

Jumatano, tarehe 13 Mei

Koti Mwalimu Mkuu alilirudisha, na siku mbili zote nimezimaliza kurekebisha suti, nikawapelekea kwa mtu pamoja na salamu za unyenyekevu. Mkandarasi kairudisha yake. Mwalimu Mkuu kaipokea, karudisha mgongo peke yake.

Mama mkwe kaenda kupiga kura na gauni la zamani. Hakunisema. Aliniuliza tu kama nimekula.

Foleni ilikuwa ndefu. Nikaingia kwenye kile kibanda cha kupigia kura, nikawaza sana. Nikimpigia mmoja, mwingine akashinda, nitamtazamaje usoni? Nikaweka alama kwa wanaume wote wawili. Nimetoka na amani. Hakuna atakayesema sikumpigia.

Alhamisi, tarehe 14 Mei

Mama mkwe kashinda.

Si kwa kura mbili tatu. Kawaacha mbali, wamekosa hata vumbi lake. Karani mmoja wa kituo anasema watu walikuwa wanaulizana foleni nzima, wewe alikuzalisha yeye? Na wewe? Mpaka Mkandarasi kumbe kazaliwa mikononi mwake, saa kumi alfajiri, kwa shida, na mama yake hajapata kusahau. Inasemekana hata mama huyo hakumpigia mwanawe.

Nimeduwaa nusu saa. Kisha nikashangilia. Mimi ni mkwe wa diwani! Nilikuwa nahangaika nje na fremu iko ndani. Na ndoto! Nilimwota! Mimi ni mwotaji wa kweli, tangu Jumapili, na nimekaa kimya kama mjinga.

Nimeshinda siku nzima napaka kibao cha kutundika kwenye fremu: FUNDI WA DIWANI. Herufi nyekundu, kivuli cheusi. Kazi ya kutulia. Kiapo ni kesho saa nane, gauni nitalikunja asubuhi.

Ijumaa, tarehe 15 Mei

Kiapo kilikuwa saa nne asubuhi, si saa nane. Mama mkwe kapita kibarazani saa tatu, kakuta gauni vile vile nilivyoliacha, kalichukua bila neno, kalivaa hivyo hivyo. Mke wangu alikuwa naye. Yeye maneno alikuwa nayo, sitayaandika.

Mama mkwe kaingia ukumbini kashika kitabu kwa mkono mmoja na gauni kwa mkono wa pili. Kwenye kiapo ikabidi anyooshe mkono. Gauni likashuka puu. Alama za chaki zikaonekana mpaka viti vya nyuma. Mwalimu Mkuu akatazama saa ya ukutani, akafungua daftari, akanitazama mimi. Ilikuwa saa nne na robo.

Sikujizuia. Nikasimama juu ya kiti nikapaza sauti kwamba ndivyo nilivyoota, hivi hivi, na chaki zake. Ukumbi ukacheka. Mtu nyuma akasema fundi huyo humwota kila mtu. Wakati huo Mama Zipu kapiga magoti mbele ya diwani, pini mdomoni, kakunja upindo mzima kabla makofi hayajaisha.

Jumamosi, tarehe 16 Mei

Nimeamka na wazo. Hawaniamini kwa sababu sina ushahidi. Lakini ushahidi ninao. Umeandikwa, una tarehe, ni daftari hili hili!

Nikaenda kwa mama mkwe. Sebule imejaa: mke wangu, Mama Zipu, majirani. Nikamwamkia, nikamkabidhi daftari kwa mikono miwili. Nikamwomba asome Jumapili tarehe kumi. Nikasahau kwamba mkunga husoma kadi ya mgonjwa kuanzia ukurasa wa kwanza.

Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti. Alipofika kwa marehemu baba mkwe na kura yake, akalamba kidole, akafunua ukurasa. Alisoma fisi. Alisoma pazia. Alisoma Mama Zipu hajui kingine, na Mama Zipu akaitikia kwa kichwa. Nilimwomba aruke Jumatano. Akasoma Jumatano taratibu, mara mbili. Mke wangu akatoka nje.

Alipomaliza akarudi kwenye ile ndoto, akavua miwani. Akasema ni kweli, niliota. Nikawageukia majirani kifua mbele. Kisha akauliza, sasa mwanangu, Mungu kakuonyesha gauni halijakunjwa, siku tano kabla, na sindano unayo mkononi, wewe ukafanya nini?

 Nilisema shikamoo tena, sijui kwa nini.

Fremu kasema itakwenda kwenye kamati, na yeye atapendekeza fundi anayemaliza kazi. Akanirudishia daftari langu kwa mikono miwili. Ninaandika haya uani, mke wangu hajanifungulia mlango. Nina aibu. Nina aibu ya kweli, si ya kuandika.

Jumatatu, tarehe 25 Mei

Kamati imempa Mama Zipu fremu. Mama mkwe kaniombea mimi mkwewe kona moja ndani, karibu na mlango. Mama Zipu kakubali. Cherehani yangu iko chini ya dari isiyovuja, umeme upo. Kibao changu kakikataa, tunapiga pasi juu yake. Mke wangu kaanza kuongea na mimi, kwa sasa kuhusu pazia tu.

Nimejifunza. Nimekaa nikafikiri wiki nzima mpaka nikaliona kosa langu liko wapi. Kosa lilikuwa daftari moja.

Leo nimenunua mawili. Mwakani kuna uchaguzi wa ubunge. Katika daftari jekundu nimemwota mbunge wetu anashinda, katika la kijani nimemwota anashindwa, yote tarehe ya leo, mwandiko mzuri, hakuna neno baya juu ya mtu. Siku ya matokeo nitatoa linalohusika, jingine nitawashia jiko. Hili nitalificha. Mbunge ana nguo gani sijaamua, lakini Mama Zipu ana jora la kahawia ambalo panya wameanza kulizoea.

Mama Zipu ameninong'oneza sasa hivi kwamba gauni la zambarau limeletwa. Zile pini za ukumbini bado zimo, zinamchoma diwani vifundoni kwenye vikao, upindo unataka mshono. Kanipa mimi, iwe kazi yangu ya kwanza hapa. Mama mkwe mwenyewe kasimama mlangoni anasubiri jibu.

Nimemwambia kesho, mama.