Kiota cha Mtaalamu

Hii mtasema nimeitunga nikiwa na homa. Sawa. Lakini likizo ile, kwenye hoteli moja ya ufukweni, mjanja aliyewahi kuuza upepo kwa watu waliokaa upeponi alinaswa na yai. Yai la kawaida, la kukaanga. Kaa vizuri nikwambie.

Jina lake Mtaalamu, na alijipa mwenyewe kabla mtu hajawahi kumpa baya zaidi. Kila msimu wa wageni alikuwa mtaalamu wa kitu kipya. Msimu mmoja pomboo, msimu mwingine mawe ya kuponya mgongo. Mali yake duniani ilikuwa simu, ulimi, na kofia pana ya ukili aliyoipenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

Asubuhi hiyo meneja wa hoteli, mama anayevaa viatu vya kisigino hata mchangani, alimwita pembeni.

"Mtaalamu, nakwambia kwa upole. Lalamiko moja tu la mgeni, moja, huu mchanga hutaukanyaga tena. Utakwenda kufanya utaalamu wako stendi."

"Meneja, mimi? Lalamiko?"

"Wewe. Lalamiko."

Mtaalamu alishika kifua kama mtu aliyesingiziwa. Ukweli ni kwamba stendi hapawezi. Kule abiria wote ni wajanja kuliko yeye, na hakuna upepo. Ufukwe huu ndio ulikuwa shamba lake, duka lake na pensheni yake.

Mtu mwenye akili angepumzika siku hiyo. Lakini macho yake yalishatua chini ya mwavuli mmoja, penye familia iliyofika jana: baba mhasibu anayelala na soksi, mama aliyelala na kitabu usoni, watoto wawili waliojaa mchanga, na bibi, mama mzazi wa mhasibu, anayekimbizana na wale wawili. Binti mkubwa walimwita Swali, na baada ya dakika moja naye ungejua sababu. Mdogo wake walimwita Kimbunga. Huyo hahitaji maelezo.

"Likizo ya wiki moja," Mtaalamu alijisemea. "Wakija kujua, wako kwao."

Akaenda sokoni kwa mama muuza mayai, akabishana naye bei mpaka yule mama akachoka na maisha.

"Haya chukua yale ya kikapu cha chini, uniondokee."

Mtaalamu alirudi akicheka peke yake. Hakujiuliza kwa nini mayai yenyewe yalikuwa ya uvuguvugu.

Alichimba shimo nyuma ya hoteli, karibu na kichaka, akayafukia kwa heshima zote, akazungushia vijiti na kamba. Kisha akaenda kwenye mwavuli, akavua kofia.

"Bosi, samahani kukuamsha. Hoteli imetenga kiota kimoja cha kasa kwa familia moja tu. Watoto wanakuwa walezi wa mayai. Wakianguliwa, unatumiwa picha. Na walezi wakirudi mwakani, wana punguzo."

Mhasibu alifumbua jicho moja. "Punguzo la chumba au la chumba na chakula?"

"Vyote, bosi."

Akafumbua la pili.

Walikwenda wote kukiona. Swali alipiga magoti mchangani.

"Mama yake kasa yuko wapi?"

"Yuko kazini, mama."

"Kazi gani?"

"Ya... majini huko. Zamu."

Bibi aliinama, akachukua yai moja, akaliweka sikioni.

"Kasa gani hawa, mwanangu, mbona mayai yamechongoka?"

"Wa kina kirefu, bibi. Yamechongoka ili yapasue maji."

"Ahaa. Niwashie tochi ya simu yako."

Akawasha. Bibi akaliegemeza yai kwenye mwanga, akalizungushia kiganja, akalitazama muda mrefu. Mtaalamu alianza kupima kwa macho umbali wa geti.

"Ni kasa kabisa," bibi alisema, akalirudisha shimoni kama mtu anayelaza mtoto.

Mhasibu alilipa. Mtaalamu alilala usingizi wa waadilifu.

Kesho yake bibi alimkuta peke yake pale kichakani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa chini. Mimi nimefuga kuku tangu mama yako hajaolewa. Yai lako lina mdomo ndani. Lina na mabawa. Uliuziwa mayai yaliyotolewa chini ya kuku anayeatamia, ukadhani umempunja mwenzio bei."

Mtaalamu alivua kofia. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ufukwe ule, aliivua bila kuuza kitu.

"Sasa, yule meneja mwenye visigino, nimuite?"

"Bibi, nakuomba. Nitarudisha pesa yote."

"Pesa utanipa mimi, si mwanangu, yeye ataimalizia kwenye soksi. Lakini sijaja kwa pesa. Unajua likizo yangu ikoje? Mwanangu analala. Mkwe wangu analala. Mimi nafuta mchanga matakoni mwa watoto. Tangu tufike, bahari naisikia tu kama jirani. Kuanzia leo, hao wawili ni wako. Mimi naingia majini."

"Mpaka lini?"

"Mpaka basi letu liondoke. Na hiyo kofia niazime, jua kali."

Ndugu msomaji, tuinamishe vichwa kidogo kwa ajili ya marehemu uhuru wa Mtaalamu.

Alipaka watoto mafuta ya jua, akapakwa yeye machoni. Alijenga nyumba za mchanga, Kimbunga akazibomoa, akazijenga. Alifukiwa mpaka shingoni, akasahauliwa mchana mzima. Alimkimbiza Kimbunga chooni, akafika amechelewa. Na katikati ya hayo yote, Swali hakufunga mdomo.

"Kasa ana magoti?"

"Anayo."

"Akiumia goti anapakwa nini?"

"Mtoto mzuri, kunywa maji."

Kule majini bibi alielea juu ya boya, kofia ya ukili kichwani, miguu juu, kama waziri aliyestaafu. Jioni alitoka, akageuza mayai moja moja, akayafunika kwa taulo zito la hoteli.

Mara mbili Mtaalamu alijaribu kuyafukua ayatupe mbali, ushahidi upotee. Mara ya kwanza alimkuta Swali ameketi pembeni na ndoo yake, analinda. Mara ya pili alimkuta Kimbunga amelala juu ya kamba, dole gumba mdomoni. Akambeba hadi chumbani. Tumaini lake likabaki moja: basi liondoke kabla mayai hayajaamka.

Siku ya kuondoka ikafika. Mizigo iko barazani, dereva anapiga honi. Mtaalamu alianza kupiga mluzi.

"Tunakwenda kuwaaga kasa," Swali alitangaza kwenye chumba cha chai, na nusu ya wageni wakabeba vikombe vyao wakamfuata.

Swali alifunua taulo. Yai la kwanza likatikisika. Likapasuka nyufa. Kikatoka kichwa kilicholowa, kikaangaza watu, kikasema: piu.

Hata bahari ilikuwa kama imeshusha sauti.

"Kasa ana manyoya," alisema Swali polepole.

"Kuku," alisema Kimbunga, asiye na muda wa kuzunguka.

Mhasibu aligeuka. "Mtaalamu. Huyu ni kuku."

Na nyuma ya umati, visigino vikaanza kuzama mchangani, kop, kop, vinakuja. Mtaalamu aliiona stendi mbele ya macho yake, na vumbi lake, na hakuna upepo. Mhasibu akavuta pumzi ya kulalamika.

"Funga mdomo, nzi wataingia," bibi alimwambia mwanawe, akamgeukia meneja. "Meneja, hongera sana. Hoteli ngapi zina mwalimu wa watoto? Huyu kijana amewafundisha wajukuu zangu yai linavyoanguliwa, kwa mchezo. Kasa ilikuwa hadithi tu ya kuwavutia. Hebu watazame wazazi wao walivyonawiri. Wiki nzima wamelala."

Mhasibu na mkewe walitazamana. Kweli walikuwa wamenawiri.

Mama mmoja mwenye mapacha alisogea. "Huyu mwalimu anachukua na wa miaka miwili?"

"Na mimi nina watatu," akadakia mwingine.

Macho ya meneja yalibadilika rangi. Alikuwa ameshanusa biashara.

"Bila shaka anachukua," alisema. "Ni huduma yetu mpya."

"Ila kumnoa nimemnoa mimi," bibi akaongeza. "Mwakani nitarudi kumkagua. Chumba changu kiwe upande wa bahari, na nisisikie habari za malipo."

"Karibu sana, bibi."

Mayai mengine nayo yalipasuka moja baada ya lingine, na dereva alipochoka kupiga honi, bibi alipanda basi. Vifaranga walikuwa ndani ya kofia ya ukili, piu piu mpaka kiti cha nyuma. Alipunga mkono dirishani.

"Mwakani, mwanangu. Kimbunga atakuwa amekua, utamkimbiza vizuri."

"Bibi, kofia yangu."

Basi likaondoka.

Mtaalamu alisimama pale. Mbele yake meneja amemnyooshea fulana ya njano yenye picha ya bata anayecheka, na filimbi. Watoto wa watu wanamvuta suruali, mmoja tayari anauliza kama bata ana magoti. Mkono wa kushoto, geti liko wazi, mlinzi amesinzia, na barabara ya stendi inaonekana vizuri kabisa. Juu ya kiatu chake ameketi kifaranga mmoja aliyesahauliwa, anamtazama usoni kama aliyempata mama yake.

Sasa wewe niambie. Ungeivaa ile fulana, au ungekimbia?