Dirisha la Mama na Karatasi za Peremende

Jumatatu, 9 Juni

Nimefika. Nimepanda ngazi nane za mlangoni mwa hosteli na sanduku kichwani, na ya juu kabisa inacheza kama jino bovu. Nikajikwaa mbele ya wageni watatu. Mwanzo mbaya!

Kitanda cha chini nilichoagiza amepewa mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, mwenye ramani sita na soksi za sufu. Nikamweleza Mama Funguo wa mapokezi kwamba nina matatizo ya mgongo. Akanijibu kwamba hajawahi kupokea mgeni asiye na mgongo. Basi niko juu. Pua yangu na dari ni majirani.

Niandike kazi yenyewe, nisije nikasema sikuambiwa. Mama anaumwa. Daktari amemwambia Dada tusihesabu miezi. Mama haombi dawa tena, anaomba picha ya dirisha. Alipokuwa msichana alipanga chumba katika mji huu akijifunza cherehani, na jioni alikaa kwenye dirisha la ngazi za ndani akipindia nguo. Vioo viwili vya buluu, kimoja cha njano. Kwenye ubao wa chini ya dirisha alichora sindano kwa ncha ya mkasi. Mtaa ameusahau.

Dada alitaka kuja mwenyewe. Nikaapa kwamba mimi na miji tunaelewana. Mimi ndiye kitinda mimba, sijawahi kukabidhiwa hata ufunguo wa kabati. Safari hii watanitambua! Dada alinipa sharti moja tu, niulize watu. Nina miaka arobaini na nane. Siulizi njia.

Jumanne, 10 Juni

Mbinu ya leo: Mpima ana ramani, mimi nina miguu. Nikamfuata kimyakimya, hatua thelathini nyuma, nikijifanya natazama viatu madukani. Mtu wa ramani lazima apite kwenye nyumba za zamani.

Saa nzima alizunguka kiwanja kitupu karibu na stendi, akikipima kwa hatua. Kisha akasimama kutazama nguzo ya chuma. Kisha akaingia kwa kinyozi. Nikaingia pia, nikakaa kiti cha pembeni na kuficha uso kwa taulo. Kinyozi hakuniuliza kitu. Masharubu yangu ya miaka ishirini yameondoka!

Mpima akanisalimu kupitia kioo. Akasema kama napenda, kesho tutembee bega kwa bega, miguu yake imechoka kukimbia. Nikamjibu kwamba kinyozi huyu ni wangu wa siku nyingi. Kinyozi akanitazama sana.

Jumatano, 11 Juni

Dada amepiga simu. Mama hajala tangu jana. Kila asubuhi anauliza kama picha imefika. Dada hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikaa kwenye ngazi za ndani za hosteli, nikaona haya kweli kweli.

Nilipoinua kichwa, nikaona dirisha. Dirisha la ngazi! Vioo vyake ni vyeupe, ubao wake umepakwa rangi ya maziwa, lakini dirisha ni dirisha. Mama macho yake ni hafifu. Nikashuka dukani, nikanunua peremende zenye karatasi za buluu na za njano. Nikala kumi na moja. Nikalowesha karatasi, nikabandika za buluu kwenye vioo viwili, za njano kwenye kimoja. Katikati ya ubao nikachora sindano kwa kikata kucha. Jua likaingia, ngazi zote zikawa buluu.

Nikapiga picha, nikatuma. Nilipogeuka, Mama Funguo alikuwa nyuma yangu, mikono kiunoni.

Alhamisi, 12 Juni

Imekubali! Dada anasema Mama aliitazama picha muda mrefu, akalia, kisha akanywa supu vijiko vitano. Mama akaomba simu. Sauti yake imekuwa nyembamba. Akasema, ndilo lenyewe, mwanangu, hata ufa wa ukutani ni ule ule. Macho hafifu yana faida zake.

Akauliza kama ngazi ya juu pale mlangoni bado inacheza. Nikamjibu, inacheza sana, Mama. Uongo huo haukunipa taabu, kwa sababu ngazi ya hapa hosteli nimeshajikwaa nayo mara tisa. Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mwaka jana.

Kisha akasema sindano yake haikuwa katikati. Ilikuwa pembeni, kushoto, huenda wameifunika kwa rangi. Akaniomba niitafute. Nikamuahidi. Baada ya simu nilijiona mwizi, tena mwizi wa mama yake mwenyewe. Sikula mchana.

Ijumaa, 13 Juni

Adhabu. Mama Funguo amenipa msasa na kopo la rangi. Nisugue ubao wote mpaka uwe laini kama shavu la mtoto, kisha nipake upya.

Alinisimamia, akaanza hadithi ndefu ya marehemu shangazi yake, eti nyumba ilikuwa yake na alipangisha wasichana wa cherehani. Sikufuatilia. Mtu mwenye msasa mkononi hana nafasi ya shangazi za watu. Mwishowe simu ya mapokezi ikalia, akaenda zake.

Kushoto, chini ya rangi, nikakuta mchoro mwingine. Mstari mrefu wenye tundu kichwani. Mhuni gani huyu alinitangulia? Mama Funguo akiuona atasema na huo ni wangu! Nikausugua kwa nguvu zangu zote. Ulikuwa umeingia ndani, aliyeuchora hakuwa na haraka. Dakika ishirini nzima! Nimetoka malengelenge.

Wakati namalizia, Mpima akapanda ngazi. Akasema jana alinisikia nikiongea na mama yangu, na ana la kunionyesha kuhusu dirisha ninalolitafuta. Nikamwambia asante, sihitaji kuelekezwa. Akatazama ubao. Akatazama unga wa mbao kwenye viatu vyangu. Akavua kofia, akashuka. Wivu.

Jumamosi, 14 Juni

Mama amefariki alfajiri.

Dada anasema simu ilikuwa kifuani pake, na picha ya dirisha bado iko wazi. Jana jioni alimwambia Dada kwamba amefika kwake, sasa anaweza kupumzika.

Nimelia juu kule, uso karibu na dari. Nimemdanganya mama yangu, na amekufa akiniamini. Mpima akanishusha taratibu, akanilaza kwenye kitanda chake cha chini. Nilikitaka wiki nzima. Hakina raha yoyote.

Jumapili, 15 Juni

Naondoka kwenda kuzika. Dada amepiga tena. Anasema tukishamaliza msiba atakuja huku mwenyewe, akae pale alipokaa Mama, aiguse ile sindano kwa kidole. Nikamwambia nyumba imebomolewa jana. Akalia upya, na mimi nikalia naye. Aking'ang'ania kuja, nitampeleka kwenye kile kiwanja kitupu cha karibu na stendi.

Mpima ameniachia karatasi juu ya sanduku. Nje ameandika kwa kalamu ya risasi: Nyumba ya mama yako. Mzee hakati tamaa! Njia nisiyoiuliza siisomi. Nimeikunja mara nne, nikaisindilia chini ya ile ngazi ya juu pale mlangoni, nisije nikaanguka na sanduku siku ya msiba. Sasa haichezi.

Roho inaniuma kwa jambo moja tu. Ningepata siku mbili zaidi, ile nyumba ningeiona kwa macho yangu, bila kumuuliza mtu.