Waya Mweusi Uliotafuta Ardhi

Jongeeni, enyi nyote mliowahi kushikishwa tochi mkaambiwa mnamulika pabaya! Jongeeni, wake wa mashujaa na mama wa mashujaa, nanyi majirani mnaochungulia juu ya ukuta mkidhani hamwonekani! Tueni mlivyobeba, mnisikilize, maana nasimulia habari za mume wangu, Simba wa Bisibisi, Mfunguaji wa Vilivyofungwa Vizuri, Mwenye Kubakiwa na Skrubu Mkononi Kila Kazi Inapokwisha. Jinsi alivyozifunga taa mbili za ukungu kwenye bampa la gari letu, na jinsi waya mmoja mweusi ulivyokaribia kumzika.

Sababu ya vita haikuwa ndogo. Mama mkwe wangu alikuwa na mtoto wa jicho, na hospitali ya macho, iliyo ng'ambo ya mlima, ilikuwa imempa nafasi ya kupasuliwa kesho yake asubuhi, nafasi aliyoingojea mpaka akaacha kuiulizia. Sasa, mlima ule alfajiri huvaa ukungu mzito kama blanketi lililonyeshewa. Safari ya mwisho mume wangu aliuvuka kichwa kikiwa nje ya dirisha, na mama yake alipoteremka alitoa kiapo.

"Ndani ya gari asiyeona anatosha kuwa mmoja. Tukiwa wawili, mimi sipandi."

Wala si mwanamke wa kubembelezwa. Akisema hapandi, hapandi.

Basi shujaa akaenda dukani, akarudi na sanduku. Ndani yake mlikuwa na taa mbili za mviringo, swichi, fyuzi, furushi la nyaya, na kijisanduku cheusi kiitwacho rilei. Huyo rilei, wasikilizaji, ni bawabu. Taa hizo hunywa umeme mwingi, na swichi peke yake ikiubeba huungua. Kwa hiyo swichi humnong'oneza bawabu neno moja tu, naye ndiye hufungua lango, moto wa betri ukapita. Akifungua hulia: ta!

"Mwite kaka," nikamwambia. Kaka yangu ni fundi wa magari, na gereji yake haiko mbali.

Shujaa akainua bisibisi juu. "Hasha! Mkono wa shemeji hautaigusa tena boneti hii! Mara ya mwisho alinicheka mbele ya watoto wangu!"

"Ulikuwa umetia sabuni ya vyombo kwenye rejeta, baba watoto."

"Usifukue makaburi," akanena, akaingia vitani.

Naam, alipigana! Alilala chali chini ya bampa kama jemadari aliyeanguka, ila jemadari aliyeanguka haombi spana kila mara. Alizipitisha nyaya kwenye matundu ambayo Mungu hakukusudia vidole vipite. Waya mwekundu akaupeleka betri, na fyuzi njiani kama mlinzi. Mwingine akauingiza ndani hadi kwenye swichi, mwingine ukaenda kwenye taa. Nami nilishika tochi, nikaambiwa namulika pabaya.

Ukabaki waya mweusi.

"Muuzaji alisema mwekundu betri, mweusi ardhi," akasema, akijikuna.

"Ardhi?"

"Ardhi."

Akatazama chini. Nami nikatazama chini. Ardhi ilikuwepo, nyingi tu.

Akaleta kipande cha nondo kilichobaki tulipojenga choo, akakipigilia uani kwa nyundo huku jasho likimtiririka, akaunganisha waya mweusi kwa waya wa pasi yangu iliyokufa, akaufunga kwenye nondo ile. Kisha akaingia garini kama mfalme anayekwea kiti cha enzi, akabonyeza swichi.

Kimya. Bawabu hakusema ta wala ti.

"Udongo mkavu," akatangaza, akaenda kuchota ndoo ya maji.

Mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya gari, akasikia maji yakimwagika. "Unapanda nini hapo, mwanangu?"

"Sipandi kitu, mama. Naweka ardhi."

"Ardhi ilikuwepo, baba. Mimi nimeikuta."

Ni wakati huo geti lilipolia, na nani akaingia ila kaka yangu, aliyevutwa na mlio wa nyundo, akijifuta mikono kwenye suruali. Akaitazama nondo. Akaufuata waya kwa macho mpaka kwenye boneti. Akashika geti asianguke.

"Shemeji! Umelifunga gari kama mbuzi! Kwani lilitaka kukimbilia wapi? Na kesho je, mtaukunja uwanja mwende nao mlimani?"

Alicheka mpaka akachutama. Kisha akajifuta machozi, akanyoosha mkono. "Haya, nipishe. Nipe hiyo koleo ya nyaya nimalize."

"Mpe, mwanangu," mama akasema taratibu. "Mimi nataka kuona, basi."

Maneno hayo yalimchoma shujaa kuliko kicheko chote. Akasimama wima, udongo mgongoni, akahutubia:

"Ewe ndugu wa mke wangu! Nipe muhula wa kikombe kimoja cha chai. Ukikiona kitako cha kikombe na taa hizi bado vipofu, koleo nitakukabidhi kwa mikono miwili, na heshima yangu juu yake!"

"Dada, chai ipo?"

"Ipo."

Hapo mimi, mwandishi wa habari hizi, nikaingia vitani. Tangu asubuhi nilisema aitwe fundi, na bado nasema ilifaa aitwe. Lakini kumcheka yule mwanamume ni haki yangu, na sikumbuki kuigawa. Nikaichemsha chai mpaka sufuria ikaomba msamaha. Nikaimimina katika kikombe cha bati, kile kikubwa, kinachounguza mdomo kabla ya chai yenyewe.

"Dada, hii umeichemshia kuzimu?"

"Puliza."

Wakati kaka akipuliza, shujaa aliinamia injini akiwa ameacha kelele, na hiyo kwake ni habari. Akaweka kidole kwenye betri, kwenye ule mguu wake mweusi. Akaufuata waya wake mnene, polepole, kama mtu anayefuata nyayo. Waya ule haukwenda chini. Haukwenda uani. Ulikwenda sentimita chache tu, ukashikwa kwa bolti kwenye chuma cha gari lenyewe.

"Ee!" akapaza sauti, kaka akamwaga chai kidogo. "Gari linatembea na ardhi yake! Chuma chote hiki ndiyo ardhi!"

Akaung'oa waya kwenye nondo. Akatafuta bolti nzuri, akakwangua rangi yake kwa kisu, na kisu hicho kilikuwa changu cha vitunguu, lakini siku ya vita haiulizwi upanga umetoka jiko gani. Chuma kikang'aa. Waya mweusi ukakazwa. Kaka akameza funda kubwa, macho yakamtoka machozi, kikombe bado nusu.

Swichi ikabonyezwa.

Ta!

Jua lilikuwa bado linawaka, na kwa pale tulipokuwa tumesimama hakuna aliyeweza kuapa kwamba taa zimewaka. Wote tukamgeukia yule aliyeketi mbele ya gari.

Mama akainua uso. Akakunja macho yale yenye ukungu.

"Zimewaka," akasema. "Naziona. Zote nne."

Kaka akafungua mdomo kumsahihisha. Nikamwongezea chai.

Alfajiri yake tukauvuka mlima. Ukungu ulisimama njiani kama jeshi, nazo taa zikaupasua chini kwa chini, mstari mweupe wa barabara ukijitokeza mbele yetu kidogo kidogo, na kichwa cha mume wangu kikiwa ndani ya gari. Mama alipanda bila kubembelezwa. Bandeji ilipoondolewa, akarudi nyumbani akiangaza kila kitu. Aliiona nondo, ambayo sasa nimeifungia kamba ya kuanikia nguo, akacheka peke yake. Kisha akasimama mbele ya gari, akalitazama bampa, akahesabu kwa kidole.

"Kumbe ni mbili."

Mume wangu akanywea kama jemadari aliyepunguziwa nusu ya jeshi lake.

Haidhuru. Kitabu ninacho mimi, na kalamu ninayo mimi. Vizazi na visome kwamba siku ile, kwa mkono wa mtu mmoja, koleo moja na kisu cha vitunguu, zilifungwa taa nne.