Kibao Changu Nyumbani Kwetu

Jumatatu, 4 Machi
Nimekwenda nyumbani kwetu, siku hizi pamegeuzwa makumbusho. Msimamizi wa makumbusho amenitaka nivue viatu na nisaini kitabu cha wageni. Mgeni! Mimi niliyezaliwa chumba cha nyuma! Ndani nimehesabu vibao kumi na saba. Kitanda cha Daktari. Kikombe cha Daktari. Kiti cha Daktari. Daktari ni dada yangu, bingwa wa upasuaji. Kitanda kile tulilala wawili, na aliyekuwa akikikojolea ni mimi. Kibao kinachonitaja: hakuna. Imeniuma, sisemi uongo. Nataka kimoja tu.

Jumanne
Nimechonga kibao mwenyewe: "Kigoda cha Mdogo Wake Daktari." Nimeingiza kigoda changu cha utotoni ndani ya mfuko, nikakiweka sebuleni. Saa nne mgeni mmoja mnene akakikalia. Mguu wa kigoda ukakatika, mgeni chini. Msimamizi kasema kigoda hakimo kwenye orodha yake, basi ni kuni. Nikamwita Mama, anayeishi nyumba ya pili, anitetee. Akasema kigoda ni cha jirani, niliazima nikiwa mdogo nisirudishe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano
Nimewahi getini kabla ya Msimamizi. Nikawapokea wanafunzi arobaini. Nikawaeleza jinsi nilivyomshikia dada taa akisoma. Msichana wa mbele akauliza, na mimi nilisomea nini. Nikawaonyesha choo kilipo.

Ijumaa
Dada amekuja kufungua chumba kipya. Nimemvuta pembeni nikamlilia, machozi ya kweli. Akanishika bega, akasema nisijali, kibao changu kipo, tena cha kwanza mlangoni. Moyo ukanijaa. Pazia likavutwa mbele ya umati. Ndani ya kioo: pini ya nywele na haragwe moja kavu. Kibao: "Mgonjwa wa kwanza wa Daktari. Mdogo wake alijitia haragwe puani akiwa na miaka tisa."

Tisa! Nilikuwa na minane. Watu wamecheka hadi kufuta machozi, Msimamizi kuliko wote. Nimeondoka bila kuaga.

Jumamosi
Nimewaza. Kutajwa ni kutajwa. Nimerudi, nikasaini kitabu bila ubishi. Kumbe wageni wote wanasimama kwenye haragwe! Kitanda hakitazamwi. Wameniomba picha. Mbishi mmoja tu akasema haragwe halienei kwenye pua ya mtu, ni hadithi za kuvutia wageni. Ningemwacha aondoke hivyo? Nikakimbilia jikoni kwa Mama.

Naandika nikiwa hospitali, napumulia upande mmoja. Dada kasafiri tangu asubuhi. Muuguzi anatafuta koleo dogo, na amesema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nimemwomba haragwe likitoka asilitupe. Kwenye kile chumba kipya bado kuna nafasi, pale kushoto, ya kibao cha pili.